Usumbufu Usio na Msumbufu: Historia ya Kitenzi "Incommode" na Mizani ya Adha katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kitenzi cha Kiingereza "incommode", kinachotumika katika lugha rasmi kwa maana ya kumwondolea mtu wepesi au utulivu wake bila kumdhuru sana. Inaanzia katika mzizi wake wa Kilatini, inapitia Kifaransa na sheria zilizotungwa kwa ajili ya majirani wa viwanda, kisha inakiweka kitenzi hicho mbele ya vitenzi vya Kiswahili vinavyobeba mzigo wa aina hiyo: -sumbua, -udhi, -kera, -bughudhi na -taabisha. Makala inajenga hoja kwamba kila tamko la adha lina mambo matatu: mtenda, mtendwa na kipimo. Historia ya "incommode" inaonesha jinsi kipimo kinavyoweza kupunguzwa kwa neno la adabu, na pia jinsi sheria inavyoweza kukirejesha. Katika Kiswahili cha matangazo rasmi, nomino "usumbufu" imepoteza mtenda na kipimo kwa pamoja. Makala inahitimisha kwa kupendekeza njia ya kuvirejesha, hasa katika tafsiri ya sheria.

1.0 Utangulizi

Maneno makubwa ya falsafa, tiba na uchumi hayamtishi sana mfasiri wa Kiswahili. Huundiwa istilahi, istilahi hizo zikajadiliwa na hatimaye kuingizwa kamusini. Yanayomponyoka ni maneno madogo ya adabu: yale ya kuomba njia, ya kuomba radhi, na ya kueleza kwamba mtu mmoja ameingilia nafasi ya mwenzake. Kwa kuwa huonekana mepesi, maneno hayo hupewa visawe vya haraka. Kitenzi "incommode" ni miongoni mwake. Mwanafunzi anayekutana nacho katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 18 au ya 19 huandika pembeni "sumbua" na kuendelea na usomaji.

Kisawe hicho si kosa. Hata hivyo, kinaficha tofauti ya mtazamo baina ya lugha hizi mbili, na tofauti hiyo imepata uzito mpya. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo, namna Kiingereza kinavyozungumzia adha haiwahusu wasomaji wa riwaya pekee. Dhana za adha zimo ndani ya makosa ya jinai, na raia anaweza kufungwa kwa sababu yake.

Makala hii imegawanyika katika sehemu tano, ukiacha utangulizi na hitimisho. Sehemu mbili za kwanza zinaeleza asili ya "incommode" na maisha yake katika Kiingereza. Ya tatu inaeleza jinsi neno hilo na ndugu zake walivyoingia katika sheria. Ya nne inachunguza vitenzi vya Kiswahili, na ya tano inajadili lugha ya matangazo na suala la tafsiri.

2.0 Kipimo kilichomo ndani ya neno

"Incommode" kiliingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 kutoka Kifaransa "incommoder", ambacho nacho kinatokana na Kilatini "incommodare". Chini ya vitenzi hivyo kuna kivumishi "commodus". Kivumishi hicho kimeundwa kwa kiambishi "com-", chenye maana ya "pamoja na", na nomino "modus", yaani kipimo au kiasi. Kitu kilicho "commodus" ni kitu kilicho katika kiasi chake: nguo inayomkaa mtu vizuri, saa inayofaa, mahali panapotosha. Kiambishi "in-" kinakanusha hali hiyo. Kwa hiyo, kwa asili yake, "incommodare" ni kumtoa mtu au jambo katika kipimo kinachomstahili.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa, na wengi wa jamaa zake wanajulikana kuliko lenyewe. Nomino ya Kilatini "commodum" ilikuwa na maana ya faida au manufaa. Katika sheria ya Kirumi, "commodatum" ulikuwa mkataba wa kumpa mtu kitu akitumie bure kisha akirudishe kilekile, jambo ambalo Mswahili huliita kuazima. Neno la Kiingereza "commodity" lilianza kwa maana ya manufaa kabla ya kutulia katika maana ya bidhaa. Maana zote mbili zimo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969: mahali pamoja neno hilo linahusu bidhaa za mfanyabiashara, na mahali pengine linahusu manufaa wanayopewa wageni katika mji ule. Mfasiri asiyeijua historia ya neno angeweza kuwafanya wageni wale wapewe shehena badala ya haki.

Mambo mawili katika matumizi ya Kilatini yanafaa kuzingatiwa, kwa kuwa yatajirudia baadaye. La kwanza ni kwamba "commodum" na "incommodum" zilitembea kama jozi. Katika tamthilia ya Andria, iliyooneshwa Roma mwaka 166 KK, Terentius, mwandishi ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Afrika, anamfanya mhusika mmoja awalaumu watu wanaojipatia manufaa yao kutokana na hasara za wenzao. Maneno aliyotumia kwa manufaa na hasara ni hayo mawili. Jozi hiyo inafichua ukweli wa kijamii: wepesi wa mmoja mara nyingi ni uzito wa mwingine.

La pili ni kwamba neno hilo lilitumika mapema kama tafsida. Julius Caesar, akisimulia vita vyake vya Galia, anaeleza kuanguka kwa mji wa Avaricum mwaka 52 KK. Kwa hesabu yake mwenyewe, kati ya watu wapatao 40,000 waliokuwamo, ni 800 tu walionusurika. Katika sura inayofuata, Vercingetorix, kiongozi wa Wagali, anawahutubia wapiganaji wake na kuwataka wasivunjike moyo kwa yaliyowafika. Neno ambalo Caesar analitumia katika kuripoti hotuba hiyo ni "incommodum". Maangamizi ya mji mzima yamewekwa chini ya neno linaloweza pia kutumika kwa kiatu kinachobana. Kiongozi alihitaji kuwatuliza watu wake, na lugha ilimpa neno dogo la kufunikia jambo kubwa.

3.0 Kiingereza na adabu ya kupunguza

Kiingereza kilipolipokea neno hili hakikuwa na upungufu wa vitenzi vya adha. Kilikuwa na "annoy", kilichotokana kwa njia ya Kifaransa na fungu la maneno ya Kilatini "in odio", yaani katika chuki. Katika Kiingereza cha kale cha kati, "annoy" kiliweza kuwa na maana ya kudhuru, na polepole kikapoa hadi kufikia maana ya kuudhi. Kulikuwa pia na nomino "inconvenience", ambayo mzizi wake unahusu kukosa kupatana. Nomino hiyo ilianza kutumika kama kitenzi katikati ya karne ya 17, na ndicho kilichoshinda katika matumizi ya kila siku. Mwanzoni mwa karne ya 18 kikaongezeka "discommode", pacha wa "incommode", ambacho hakikupata kuenea sana.

Katika umati huo, "incommode" kilijipatia kazi yake kwa njia ya kipimo. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alikifafanua kuwa ni kumzuia au kumtatiza mtu bila kumletea madhara makubwa sana. Noah Webster, katika kamusi yake ya Marekani ya mwaka 1828, alikwenda mbali zaidi: alisema wazi kwamba kitenzi hiki kina uzito mdogo kuliko vitenzi vya kuudhi, kuchokoza na kuhangaisha. Mifano aliyotoa ni ya sebuleni. Kuna kukosa nafasi ya kukaa kwa starehe, kuna wageni wanaobisha kwa saa zisizofaa, na kuna mavazi ya mitindo yanayombana anayeyavaa.

Mifano hiyo inatuonesha ni nani aliyeweza kuwa mtendwa wa kitenzi hiki. Ili mtu atolewe katika kipimo chake, sharti awe na kipimo kinachotambuliwa: chumba chake, saa zake, utaratibu wa nyumba yake. Mpagazi aliyebeba mzigo hakuelezwa kwa kitenzi hiki. Yeye alichoka au aliumia. "Incommode" kilikuwa kitenzi cha watu wenye nafasi, na adabu yake ilikuwa adabu ya watu wa daraja moja wanaopimana. Leo kimebaki katika Kiingereza cha kirasmi, mara nyingine kwa mzaha, kwa sababu kinasikika kama sauti ya ulimwengu uliokwisha pita.

Katika Kifaransa hali ni tofauti. "Incommoder" bado ni kitenzi hai: moshi na joto humtendea mtu hivyo, na mtu aliyetendwa hivyo ni mtu anayejisikia vibaya mwilini. Uhai huo katika mwili na hewa ndio uliokifungulia kitenzi hiki mlango wa sheria.

4.0 Adha inapopewa mipaka: kutoka Paris hadi pwani yetu

Tarehe 15 Oktoba 1810, Napoleon alitoa amri kuhusu viwanda na karakana zinazotoa harufu mbaya kwa afya au yenye kuleta adha. Amri hiyo iliviweka viwanda katika madaraja matatu. Vya daraja la kwanza vilipaswa kuwa mbali na makazi. Vya daraja la pili havikulazimika kuwa mbali, lakini ruhusa ilitolewa baada ya kuthibitika kwamba shughuli zake hazitawaletea adha wala hasara wenye mali wa jirani. Vya daraja la tatu viliweza kukaa kando ya nyumba za watu, chini ya uangalizi wa polisi. Kitenzi kilichotumika katika maelezo ya daraja la pili ni "incommoder".

Jambo la kihistoria hapa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Neno la sebuleni lilipewa mtenda (mwenye kiwanda), mtendwa (jirani) na kipimo (daraja na umbali). Zaidi ya hayo, lilipewa utaratibu. Kabla ya ruhusa kutolewa, hufanywa uchunguzi wa hadhara ambao hadi leo katika nchi zinazotumia Kifaransa huitwa kwa Kilatini "de commodo et incommodo", kwa maana ya uchunguzi wa manufaa na adha. Jozi ya Terentius ilirudi ikiwa na muhuri wa serikali, na jirani akaulizwa kabla ya tendo.

Ubelgiji, iliyokuwa sehemu ya Ufaransa mwaka 1810, iliurithi utaratibu huo na kuupeleka katika koloni lake. Mwaka 1953 ilitolewa katika Kongo ya Wabelgiji amri kuhusu shughuli zilizo hatari, zisizo na afya au zenye kuleta adha, ikifuata mpangilio uleule wa maneno. Kwa njia hiyo, wakazi wa miji ya mashariki na kusini mwa Kongo, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kila siku, waliwekwa chini ya dhana ya "incommode" kwa lugha ambayo wengi wao hawakuitumia nyumbani.

Upande wa Waingereza, dhana hiyo iliingia kwa mlango mwingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 170, na ile ya Kenya, Sura ya 63, katika kifungu cha 175, zinaeleza kosa dhidi ya umma linalotokana na tendo lisiloidhinishwa na sheria au kutotimiza wajibu wa kisheria. Matokeo yanayolifanya tendo hilo kuwa kosa yametajwa kwa kufuatana: madhara, hatari, maudhi, kizuizi, na mwisho adha kwa umma katika kutumia haki za pamoja. Sehemu ya pili ya kifungu inaongeza jambo zito: haijalishi kwamba tendo linalolalamikiwa linawapa wepesi watu wengi zaidi kuliko wale linaowaletea adha. Hapo Kiingereza kinatumia "convenient" upande mmoja na kitenzi "inconvenience" upande wa pili, ili pande mbili za mizani zitoke katika mzizi mmoja. Wingi wa wanaonufaika haufuti adha ya wachache.

5.0 Mizani ya Kiswahili

Tunapogeukia Kiswahili, jambo la kwanza linalodhihirika ni kwamba hakina jozi ya namna hiyo. Kinyume cha kusumbua hakipatikani kwa kuongeza au kuondoa kiambishi. Jozi zilizopo hutokana na mizizi tofauti: nafuu na adha, faraja na dhiki, wepesi na uzito, raha na karaha. Hii ya mwisho ina mvuto wa vina, lakini karaha ni chukizo, na ina ukali usiokuwamo katika "incommode".

Jambo la pili ni wingi wa vitenzi na tofauti za asili zake. Inafaa kukumbuka kwamba Wareno walikaa katika pwani hii tangu mwisho wa karne ya 15 hadi Ngome ya Yesu ilipotekwa mwaka 1698, nao walikuwa na kitenzi "incomodar", ambacho ni cha kawaida kabisa katika Kireno. Kiswahili hakikukichukua. Maneno yaliyobaki kutoka Kireno aghalabu ni majina ya vitu: meza, leso, karata, mvinyo. Msamiati wa adabu na adha ulijengwa kwa mizizi ya Kibantu na ya Kiarabu.

Kitenzi -udhi na nomino udhia, maudhi na adha zinatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kudhuru na kuumiza. Haipasi kuuchanganya na mzizi wa udhuru wala ule wa adhabu, ijapokuwa sauti zinakaribiana katika matamshi ya Kiswahili. Katika mafundisho ya Kiislamu yanayofahamika sana pwani, kuondoa adha njiani kunahesabiwa kuwa tawi la imani, na adha inayokusudiwa ni kitu cha kushikika kama mwiba au jiwe. Katika Kiswahili cha leo, -udhi imehamia moyoni: maneno huudhi, tabia huudhi. Nomino adha imebaki karibu zaidi na mwili, kama katika adha ya safari au adha ya maji.

Kitenzi -bughudhi kina historia inayofanana kwa namna ya kushangaza na ile ya "annoy". Mzizi wake wa Kiarabu ni wa chuki, kama ulivyo mzizi wa Kilatini wa "annoy". Lugha hizi mbili, bila kuambizana, zimeteremka ngazi ileile kutoka chuki hadi uchokozi. Lakini "annoy" kimeendelea kuteremka, ilhali -bughudhi imesimama mahali penye maana ya kisiasa. Mtu hubughudhiwa na aliye na uwezo juu yake. Inaposemwa kwamba wachuuzi wasibughudhiwe, msikilizaji anajua kuwa mtenda ni askari au mgambo hata kama hakutajwa.

Kitenzi -taabisha, kutoka nomino ya Kiarabu yenye maana ya uchovu, hupima adha kwa jasho. Kitenzi -kera hupima kwa kurudiarudia: jambo la mara moja huudhi, jambo la kila siku hukera. Ndiyo sababu nomino kero imepata cheo katika siasa ya Tanzania. Kero za wananchi husikilizwa mikutanoni, na kero za Muungano zimejadiliwa kwa miaka mingi, ingawa katika lugha ya ofisi nyingine huitwa hoja au changamoto. Neno lililokuwa la mwasho limekuwa neno la dai.

Kitenzi -sumbua ndicho kipana kuliko vyote. Mtoto humsumbua bibi yake, jino humsumbua mgonjwa, deni humsumbua mdaiwa. Kina jozi yake ya kutendeka, -sumbuka, ambayo hubeba maana ya kuhangaika kutafuta riziki. Upana huo ndio unaomvutia mfasiri, na ndio unaomponza. Kitenzi "incommode" kinatangaza kiwango chake, -sumbua hakitangazi. Kiwango hutokana na nani amemsumbua nani, kwa jambo gani.

Utamaduni wenyewe hauna uhaba wa vipimo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: methali hii inahesabu siku ambazo uzito wa mgeni ni haki yake, na siku unapogeuka mzigo. Hodi ni kanuni nyingine ya kipimo, kwa kuwa anayebisha anaomba ruhusa kabla ya kuingilia nafasi ya mwenyeji, na asipoitikiwa hurudi. Hata methali ya Penye udhia penyeza rupia, ambayo inabeba kumbukumbu ya sarafu iliyotumika Zanzibar hadi mwaka 1936, inajua kwamba udhia una mwenyewe. Rupia haipenyezwi hewani. Kuna mkono unaoipokea, na mkono huo ndio uliouweka udhia.

6.0 Tangazo rasmi na tafsiri ya sheria

Nomino usumbufu imeundwa kwa njia inayofahamika vizuri katika mofolojia ya Kiswahili. Mtulivu ana utulivu, mpotevu ana upotevu, mharibifu ana uharibifu, na msumbufu ana usumbufu. Katika umbo hilo, usumbufu unaweza kuwa tabia ya mtu anayeweza kunyooshewa kidole, na unaweza kuwa hali inayompata anayesumbuka. Sarufi inaruhusu maana zote mbili, na ni muktadha unaoamua.

Katika matangazo ya mashirika yanayotoa huduma, fungu la maneno lililozoeleka ni la namna hii: tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Chanzo chake katika Kiingereza cha ofisi hakifichiki. Neno "wowote" limebeba shaka ya asili yake, kama kwamba haijulikani bado iwapo kutakuwa na aliyesumbuliwa. Kitenzi "kujitokeza" kimekwenda mbali kuliko Kiingereza, ambacho angalau husema adha imesababishwa, hata kama msababishaji hatajwi. Katika Kiswahili usumbufu umekuwa mtenda wa kitenzi chake chenye kirejeshi: umejitokeza wenyewe. Huu ndio usumbufu usio na msumbufu. Wala haudokezi kipimo, kwa kuwa fungu hilohilo hutumika umeme ukikatika saa moja na maji yakikosekana wiki nzima. Vercingetorix wa Caesar angelielewa tangazo hilo.

Inaweza kujibiwa kwamba hii ni rejista tu, na kwamba hakuna anayedanganyika. Jibu hilo lina uzito wake. Lakini linapita juu ya tofauti ambayo Kiswahili kimeitunza kwa makini, ile ya pole na samahani. Pole humwendea aliyepatwa, bila kujali nani ametenda. Jirani humpa pole mgonjwa asiyemwambukiza. Samahani ni ya aliyetenda. Umbo lake la Kiarabu ni amri ya kusamehe iliyofungwa kiambishi cha nafsi ya kwanza, kwa hiyo anayesamehewa yumo ndani ya neno. Radhi nayo iko mikononi mwa anayeombwa, kama watoto wanavyojua kuhusu radhi za wazazi, na anayeiomba hungoja apewe. Tangazo rasmi linachukua neno la mkosaji na kulitia katika sarufi ya mtoa pole. Linaomba radhi kwa jambo ambalo, kwa mujibu wa kitenzi chake, hakuna aliyelitenda. Katika mazungumzo ya watu wawili jambo hilo halitokei. Anayepiga simu usiku husema "samahani kwa kukusumbua", ambamo mtendwa anatajwa na mtenda hafichiki, na mwenzake huweza kumjibu "hujanisumbua", kwa kuwa kuna kitu cha kukubali au kukanusha.

Kasoro hiyo inapohamia katika sheria, huacha kuwa suala la ladha. Kifungu cha 170 kinaweza kutafsiriwa kwa fungu la "kusababisha usumbufu kwa umma". Msomaji aliyezoea matangazo atauona usumbufu huo kuwa kitu chepesi, na mshtakiwa atashangaa kufungwa kwa jambo ambalo wengine huliombea radhi kwa mstari mmoja. Makala hii inapendekeza mambo matatu.

Kwanza, pale sheria inapotumia dhana hii dhidi ya mtu, kitenzi kitangulie nomino: "anayeusumbua umma katika kutumia haki zake za pamoja". Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vya mtenda na mtendwa, na ni hasara kuviacha.

Pili, ngazi ya madhara isiporomoke kwa kutumia kisawe kimoja. Madhara, hatari, maudhi, kizuizi na usumbufu ni maneno matano yanayoweza kufuata mpangilio wa kifungu, na kero, kwa kuwa imekwisha kubeba maana ya dai la umma, inafaa kuwa jina la kosa lenyewe.

Tatu, katika sehemu ya pili ya kifungu, jozi ya Kiingereza isitafutiwe jozi ya vina. Sentensi ya Kiswahili inaweza kuibeba mizani hiyo kwa vitenzi viwili vya mizizi tofauti: haijalishi kwamba tendo hilo linawafaa watu wengi kuliko linaowasumbua.

Katika tafsiri ya fasihi, pendekezo ni jingine. Pale "incommode" kinapotumika sebuleni, kati ya mgeni na mwenyeji, mfasiri atatenda vyema akikumbuka kipimo kilichomo ndani yake. Kumwondolea mtu nafasi yake, kumharibia utaratibu wake au kumtia katika uzito kunaweza kukaribia maana hiyo zaidi ya -sumbua peke yake. Pale mwandishi anapokitumia kwa kejeli, akifunika msiba kwa neno la adabu, -sumbua inaweza kufaa kuliko vyote, kwa kuwa wasomaji wa Kiswahili wameshaizoea kejeli hiyo katika matangazo.

7.0 Hitimisho

Historia ya "incommode" ni historia ya kipimo. Neno lilizaliwa likiwa na kipimo ndani yake, likatumiwa na wenye mamlaka kupunguza yaliyo makubwa, likakaa sebuleni kama alama ya daraja, kisha likaitwa na sheria ili liwataje mwenye kiwanda, jirani na umbali baina yao. Safari hiyo inaonesha kwamba udogo wa neno hautokani na asili yake. Hutokana na nani analitumia, na kama anayesumbuliwa ameulizwa.

Kiswahili hakikosi maneno ya adha, wala hakikosi vipimo vyake: kina siku za mgeni, kina hodi ya mlangoni, na kina tofauti ya pole na samahani. Kinachohitajika ni wafasiri na waandishi wa lugha rasmi kuviacha viambishi vya nafsi vifanye kazi yake. Wananchi wanaosomewa sheria kwa lugha yao wana haki ya kumkuta ndani yake msumbufu na msumbuliwa, kila mmoja mahali pake.